Msumari wa Kichwa Upande

Theluji ilipoanza kuachia Bonde la Mohawk
waliniletea mataruma kumi na saba kwa mkokoteni,
mwaloni mweupe, yote yamepasuka
kuanzia tundu la msumari hadi ukingoni,
kama visigino vilivyokosa mafuta.

Malachy Tierney, mnyapara wa genge la reli,
hakunisalimu.
"Bi Van Slyck, misumari yako
siku tatu inashika reli,
ya nne inaua mti."

Ilikuwa misumari ya marehemu Gerrit:
ncha ya sindano, kichwa cha uyoga,
inafaa mlango wa zizi.
Lakini mlango wa zizi haupitiwi na garimoshi.

Mhandisi wa kampuni aliandika kutoka Albany:
ongeza urefu. Nikaongeza inchi moja.
Mti ukapasuka inchi moja zaidi.
Akaandika tena: ongeza unene.
Barua hiyo niliwashia tanuru.

Jibu nililipata uani, nikichanja kuni.
Shoka likifuata mishipa ya gogo
gogo hufunguka lenyewe, kama mlango usio na komeo.
Pigo moja likaniponyoka, likavuka mishipa:
likazama kidole kimoja,
likanaswa.
Nililivuta kwa mikono miwili, mguu juu ya gogo.
Likagoma.
Nikasimama pale, theluji ikiniingia viatuni,
nikicheka peke yangu kama mwehu.

Sindano nikaitupa.
Nikafua mdomo bapa, mdomo wa patasi,
uwekwe kukingama mishipa ya taruma,
uingie ukikata, si ukisukuma kando.
Nyuzi zilizokatwa huinama chini pamoja na chuma,
zikakiegemea ubavuni,
na ukitaka kukirudisha juu
zote kwa pamoja husema hapana.

Kichwa kilinichosha zaidi.
Msumari husimama kando ya reli;
kwa nini kichwa chake kitazame kila upande
kama mgeni sokoni?
Kazi yake iko upande mmoja.
Nikakivuta mbele kikiwa chekundu, kikatoa kidevu,
na chini ya kidevu nikapiga mteremko
ulale sawasawa juu ya mguu wa reli.

Teunis, kijana wangu wa koleo, alikunja uso:
"Kimekwenda upande, mama. Kama kofia ya mlevi."
Kiache, nikamwambia.
Anayeelekea pande zote hamshiki yeyote.

Malachy aliupigilia kwa mapigo kumi na moja,
akapitisha kidole kwenye mti akitafuta ufa.
Akaleta mtaimbo, akauning'inia na uzito wake wote,
yeye na shemeji yake.
Mtaimbo ukapinda.
Hakusifu. Aliuliza:
"Na taruma likioza, utaung'oa kwa meno?"

Hilo sikuwa nimeliwaza.
Nikarudi kwenye fuawe nikaufulia masikio mawili,
mtaimbo upate pa kushika.
Akasema tena, safari hii kwa sauti ya chini:
"Na usitudai tuubane kabisa.
Reli huinuka kidogo mbele ya gurudumu, kabla ya kukandamizwa.
Acha nafasi ya unene wa ukucha.
Ukiinyima pumzi hiyo, itaichukua kwa nguvu."

Hati ilikuja mwezi wa tano, na muhuri wa nta.
Jina lililomo ni la mhandisi.
Mimi hulipwa kwa pipa,
na pipa likipungua misumari miwili, wananiandikia.

Usiku garimoshi la maziwa likipita
vikombe hugongana kabatini.
Simlaani mtu. Nasikiliza.
Tak-tak, tak-tak, misumari yangu ikipokea uzito
na kuuachia, kupokea na kuuachia,
hadi karibu na daraja la Kijito cha Kinu,
hapo mlio mmoja huchelewa kidogo.

Kesho nimwambie Malachy:
taruma la tatu baada ya daraja,
wa kushoto.
Kuna mtu ameupigilia kufuata mishipa.