Saini

Walianza na jina. Nikalitaja lote,
Sajini Taji Somoe Nang'ondo,
na kiti kikalalamika chini yangu
kama bawaba isiyoonja grisi tangu masika.
Nikajizuia nisiinuke kukikagua.

Watatu mezani. Feni juu inayumba,
skrubu moja imelegea, ya kushoto;
niliiona kabla sijaziona nyuso zao.
Nje, Nachingwea ilikuwa ya njano:
mwezi wa saba, wenye mikorosho wanapuliza salfa,
ukilamba mdomo unalamba kiberiti.

"Adui mkubwa wa ndege, kituo hiki, ni nani?"
Meja Chilumba, kidole kwenye ramani.
Alitaka mpaka. Alitaka Ruvuma.
Nikasema: Salfa, afande.
Inaingia kwenye chujio mchana kutwa,
haina bendera, haiombi ruhusa.
Mwanamama wa utumishi akaandika kitu kirefu.
Meja hakuandika.

"Umewahi kukosea?"

Hapa walionitangulia walikwisha niusia:
taja kosa dogo, lenye sura ya sifa.
Nilikuwa nalo, nimelipiga pasi pamoja na gwanda.
Likakwama kooni.
Likatoka lile jingine.

Mwaka juzi, usiku, umeme umekatika,
nilifunga boliti ya gurudumu la mbele kwa tochi ya simu,
nikasaini, nikaenda nyumbani, nikasonga ugali.
Mkono uko kwenye mwiko, ukaniuliza:
ule waya wa kufungia, uliupitisha?
Sikukumbuka.
Saini niliikumbuka, hata mkia wake.
Waya, hapana.

Nikaacha sufuria mekoni. Kilomita saba kwa miguu,
mbwa wa watu, mchanga, giza la mikorosho,
na getini mlinzi akakoki bunduki;
nikapiga kelele jina langu na namba yangu ya jeshi
mpaka akashusha mtutu.
Nikapiga magoti chini ya tumbo la ndege, nikapapasa.
Waya ulikuwepo.
Umesokotwa vizuri, ncha imekunjwa.

"Basi hukukosea," akasema wa tatu,
rubani, kijana, aliyekuwa kimya tangu mwanzo.

Nilikosea, afande.
Nilitia saini jambo nisilolijua.
Mungu alinisitiri,
lakini ile fomu haina mstari wa kuandika Mungu.

Feni ikayumba.
"Na ugali?"
Uliungua.
Alikuwa wa kwanza kuangalia mikono yangu.

"Tutakuita."
Nikapiga saluti, nikatoka, nikafika kwenye ngazi,
nikagusa mfuko wa shati.
Nikarudi. Nikabisha hodi.
"Kuna kitu umesahau kusema?"
Hapana, afande. Kalamu. Niliingia nayo.

Ilikuwa chini ya kiti.
Nikaiokota, nikainyanyua wote watatu waione,
kama tunavyonyanyua spana mwisho wa zamu: moja.
Na kwa kuwa nilikuwa nimesharudi,
nikawaambia habari ya skrubu.