Mara Tisini kwa Sekunde

Saa nane ya usiku, Oulu,
nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
na mimi nimefungua dirisha
ili kadi ya michoro ipate kupumua.
Bibi Lempi wa ghorofa ya juu angeniona
angesema wazimu una ngazi nyingi.

Tatizo ni hili, Osmo:
nikigeuza kichwa, msitu haugeuki nami.
Unakuja baadaye, kwa kishindo,
kama mlevi aliyekumbuka kuaga.
Tumbo hujua kabla ya macho.
Jana nilitapika kwenye ndoo ya rangi,
miwani ingali usoni,
na mbele yangu jua la kuigiza
likichomoza kwa kukatakata.
Fremu thelathini na moja.
Macho yanadai tisini.
Deni la hamsini na tisa, kila sekunde,
nani alipe?

Nikaanza kupunguza.
Modi mia mbili na kumi na nne
tulizorundika majira yale ya baridi,
wewe ukisema moja tu zaidi,
mimi nikisema haba na haba.
Basi kibaba kimejaa, kimemwagika hadi sakafuni.
Nikatoa vivuli vya mawingu: fremu nne.
Nikatoa samaki wa chini ya barafu
(nani aliwahi kuwaona?): mbili.
Nikafifisha picha pembezoni,
kwani jicho ni vivu, hutazama mahali pamoja
na kwingine kote hukubali kwa imani:
kumi na moja.
Upepo niliubakisha. Usiniulize.

Arobaini na nane. Zikagoma hapo.

Nikagawa modi mafungu mawili.
Zima hili, washa lile, pima.
Nusu ya nusu. Robo ya robo.
Kahawa ikaganda ngozi kikombeni.
Saa kumi na moja ikabaki faili moja,
jina lake herufi tano:
Nappi.

Mbwa wako. Haya, mbwa wetu.
Uliyemfinyanga kutoka picha za simu
wiki ile tulipomzika nyuma ya sauna ya mama,
sikio la kushoto limekunjika,
doa jeupe umelipaka pikseli kwa pikseli.
Nikafungua msimbo. Huandiki vizuri, Osmo,
hujawahi.
Ila mstari mmoja niliuelewa mara moja:
kila fremu
mbwa anauliza, yuko wapi?
Nimesimama, sijasogea. Yuko wapi?
Nimeketi, pua yake gotini pangu. Yuko wapi?
Anapima upya kila jiwe, kila shina,
atafute njia ya kunifikia,
na mashine nzima, na feni zake zote,
inasimama kumsubiri apate jibu.

Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta.
Ningepata tisini zangu na chenji juu.
Nilikaa hivyo muda, sijui kiasi gani,
mpaka gari la kuzoa theluji likapita chini
likitikisa vijiko.

Nikabadilisha namba. Moja tu.
Aulize mara moja kwa sekunde.
Nikafunga dirisha, nikavaa miwani.

Themanini na nane.
Tisini.
Tisini.
Msitu ukageuka nami, bila ubishi.
Nikatembea, nikasimama. Hakuwepo.
Kisha theluji ikachakarika nyuma yangu:
amechelewa,
kidogo tu, kama pumzi moja,
vilevile alivyochelewa mwaka wake wa mwisho
nyonga zilipomlemea,
na sisi tukijifanya tunafunga kamba za viatu
ili asijue kwamba tunamngoja.

Faili nimekutumia.
Najua uko mgodini Kittilä, zamu ya usiku,
na miwani yako uliiuza.
Ikae tu kwako. Ni kilobaiti kumi na mbili.
Namba iko mstari wa arobaini.
Usiiguse.