Nyengine Zote

Visima mia mbili na kumi na tatu,
vyote vya kijivu.

Ofisi ya maji, Wete, ghorofa ya pili.
Feni inazunguka kama mtu
aliyepotelewa na kiatu mlangoni pa msikiti,
nami niko mbele ya kioo tangu saa mbili
naitazama Pemba ya kaskazini
ilivyomwagikiwa jivu, Konde hadi Kiuyu.

Ufunguo wa ramani hauna lawama:
samawati, maji ya pepo;
nyekundu, maji ya chumvi;
manjano, kisima kilichokauka;
na chini kabisa kijivu,
kwa chochote nilichosahau kukitaja:
nyengine zote.

Huko ndiko walikokwenda wote,
kama waalikwa waliokosa kadi
wakasimama nje ya turubai, pilau wanainusa.

Chombo nimekitunga mwenyewe
kwa lugha yenye jina la chatu.
Kinasoma jaduweli, kinatandaza tabaka,
kinagawa rangi kwa haki:
ndivyo nilivyojigamba kwa Bwana Faki,
naye akajibu, "Basi Ijumaa.
Mafundi wa bomba wanangoja."
Leo Jumatano.

Nikabadili rangi. Kijivu.
Nikaiamuru ramani ijichore upya.
Ikatii, ikajichora upya, kijivu.
Nikaling'oa tabaka, nikalirudisha,
nikazima kompyuta, nikanywa chai, nikawasha.
Hakuna onyo. Hakuna mstari wa kosa.
Chatu akimeza hatafuni,
na akishameza hasemi kameza nini.

Baada ya adhuhuri nikaiambia mashine
inihesabie herufi.
"Chumvi" ina sita.
Mashine ikasema saba.
"Pepo" ina nne.
Ikasema tano.
Nikahesabu kwa vidole, mtu mzima na shahada yangu.

Ndipo nikaiona, yaani sikuiona,
nafasi tupu nyuma ya kila neno.
Pasipo na kitu,
hapo ndipo rangi zote zilipotumbukia.

Nikampigia Shaame,
aliyezunguka miezi miwili kwa baiskeli,
kishikwambi mgongoni, kikombe kiunoni.
"Mbona kila neno umeliachia nafasi?"
Kimya. Nikasikia kuku wa kwao.
"Mie huonja, Bi Time. Naandika,
nagusa pale penye nafasi, naonja tena.
Ulimi wa mwanzo una papara."

Amri moja, fupi, ikakata mikia yote.
Samawati ikaibuka mabondeni,
nyekundu ikajipanga kando ya mikoko,
manjano huku na huku kama mba.
Nilipiga meza kofi
hata Mkasi wa masjala akaja kuchungulia.
"Ndo hivyo vidoa tu?"
Ndo hivyo.

Kimebaki kimoja.
Pwani ya mashariki, kijivu, peke yake.
Nikakifungua. Shaame hakuandika neno,
ameandika habari:
maji mafu, pepo. bamvua likija, chumvi.
bi Mgeni asema marehemu mumewe
alikichimba akijua.

Nikakipa samawati:
nikamwona Bi Mgeni na ndoo yake
usiku wa mwezi mpevu, anatema.
Nikakipa nyekundu:
nikaona siku zote zile za maji matamu
nazifukia kwa kidole kimoja.
Nusu kwa nusu nayo nilijaribu.
Kwa ukubwa ule ilikuwa uchafu wa kioo.

Nikakirudishia jivu lake.
Kwenye ufunguo, mstari wa mwisho,
nikafuta nyengine zote,
nikaandika: kisima cha Bi Mgeni, uliza mwezi.

Ijumaa Bwana Faki akaweka kidole papo hapo.
"Hapa pamekosewa?"

"Leo mwezi ngapi?" nikamuuliza.

Akatoa mkono mfukoni
akaanza kuhesabu.