Picha Isiyo na Miezi

Ukutani kwa bibi, juu ya ufa
ulioachwa na mvua za mwaka niliozaliwa,
ilining'inia picha ya kalenda bila kalenda:
miezi ilishachanwa kuwashia moto,
ikabaki picha peke yake na msumari wake.

Ziwa la rangi ya bati. Nyuma yake kilima
kipara, kimejifunika ukungu hadi mabegani.
Nyumba kumi na moja zimejipanga ukingoni
kama wachumaji wanaosubiri mizani.

"Hiyo ni Kilolelo yetu," alisema bibi Sekalinga,
nami sikuona sababu ya kubisha.
Nje ya mlango palikuwa na maji yale yale,
baridi ile ile inayouma masikio kwanza.
Nyumba nyeupe ya mwisho ni ya Kaduma mwenye duka.
Yenye moshi ni ya Mama Tulizo,
hata Pasaka huchelewa kupika.
Mtumbwi uliopinduliwa ni wa marehemu Lunyiliko,
aliyekufa akidai perege wa bwawani
anawajua kwa majina.

Kanisa lilikuwa na mnara. Letu halikuwa nao.
"Watajenga," alisema. "Harambee bado."

Picha ilitoka kwa Bwana Makfaleni,
meneja wa shamba la chai enzi hizo.
Babu alimkumbuka kwa mambo mawili:
soksi ndefu za sufu, hata jua la Oktoba,
na alivyosimama jioni kwenye tuta la bwawa,
bwawa alilolichimbisha kwa majembe ya baba zetu,
akiyatazama maji kama mtu anayesoma barua
iliyopotea ukurasa wa kwanza.
Siku ya kuondoka Mufindi aligawa vitu:
mablanketi, taa ya chemli, beberu mmoja.
Bibi alichagua picha.

Darasa la tatu nikaweza kusoma herufi ndogo.
Nikapanda kigoda, nikafuta masizi kwa mate:
Uskoti.

Nikamwambia. Nilijua itamuuma,
na nikiri, kidogo nilitaka.
Alikuwa anamenya njegere. Hakuinua macho.
"Basi na huko yupo mtu kama Kaduma," alisema.
"Pole yao."

Juni hii nimerudi kuishi katika nyumba yake.
Jalidi imeunguza chai ya bondeni, safu tatu nzima.
Mashine ndizo zinazochuma sasa;
kikapu cha mama kinatagiwa na kuku.
Maji yamerudi nyuma hatua kumi na sita,
nimezipima mwenyewe, buti zikinasa,
na kwenye tope yameibuka mafiga,
matatu, bado yametazamana
kama yaliyokatizwa katikati ya maneno.
Ya mji wa nani, kabla ya bwawa?
Nimeuliza hadi ofisi ya kijiji.
Mtendaji akaniandikia namba ya simu
ya mtu aliyehamia Makambako. Haipatikani.

Hayo hayapo kwenye picha.
Au yapo, chini ya ziwa lao la bati,
na kuna bibi mmoja huko, mwenye soksi ndefu,
anayejua nani alipikia pale,
na alipika nini,
na hajaulizwa.

Panya wamekula mnara wa kanisa.
Nyumba bado ni kumi na moja.
Za kwetu nimezihesabu leo kutoka mlangoni,
blanketi begani, ukungu ukisita kupanda:
saba, na ya Kaduma haina paa.

Moshi unatoka kwa Mama Tulizo.
Saa nne hii ndiyo kwanza anawasha,
na mimi nimesimama na kikombe kitupu
nikimsubiri achemshe.