Kupika Mchanga

Ghorofa ya tatu, Sinza Mori, juu ya duka la vipuri,
feni inazungusha joto lilelile tangu Jumatatu,
na mimi natunga dirisha lisilo na ukuta.

Ndani ya jaribio hakuna kivinjari.
Hakuna kioo, hakuna kidole, hakuna mtu.
Msimbo wangu ukiuliza, "Dirisha liko wapi?"
giza linaujibu: halijulikani.
Basi nautengenezea mwanasesere.
Namshonea mdomo wa neno moja:
ukiulizwa upo wapi, sema Sinza.
Ukiulizwa tena, sema Sinza.
Hata usiku wa manane, umeme umekatika,
wewe sema Sinza.

Saa nayo nimeisimamisha.
Saa nne kamili asubuhi, tarehe mosi,
na mvua hainyeshi mpaka niseme.
Nasema songa dakika tano, zinapita dakika tano
bila hata mtu mmoja kupiga miayo.
Na ahadi? Kule nje ahadi ni deni.
Huku ndani zinalipwa kabla hazijakopwa.

Kijani. Kijani. Kijani.
Majaribio mia mbili na kumi na saba,
kama matuta ya mchicha bonde la Msimbazi baada ya masika.
Nsajigwa akainua kikombe chake:
"Kokusima, kalale. Programu inapumua."

Utotoni, Magomeni Mikumi, tulipika mchanga.
Kopo la maziwa, mafiga ya vipande vya tofali,
majani ya mpera ndiyo mboga,
Tunu akipakua kwenye kifuniko cha ndoo.
"Tamu?"
"Tamu."
Kila mara tamu. Hakuna aliyesema chumvi imezidi,
hakuna aliyeungua ulimi,
na jioni kila mtu alirudi kwao na njaa yake.

Alhamisi ikaja simu ya Mbagala Rangi Tatu.
Bi Mwanahamisi, gesi imemwishia katikati ya maharage,
kafungua programu yetu aagize mtungi.
Ikamwomba ruhusa ya kujua alipo.
Akabonyeza "Kataa".
Kwa nini asikatae? Nani huyo anayekuuliza unakaa wapi
kabla hata ya shikamoo?
Duara likaanza kuzunguka.
Likazunguka mpaka maharage yakapoa,
mpaka bando likaisha,
mpaka akawasha mkaa huku akitutaja,
na si kwa wema.

Mwanasesere wangu hakuwahi kukataa.
Neno hilo sikumshonea.

Nsajigwa alitaka tuwachome wote. "Danganya toto hizi!
Tupime kwenye simu za watu, zenye vioo vilivyopasuka."
Nikamwambia, huko nako tutapima,
lakini kopo usilitupe.
Kwenye kopo ndiko nilikojua
kwamba mafiga ni matatu, maji hutangulia unga,
na moto hauwashwi chini ya kamba ya nguo za jirani.
Mtoto hakosei kupika mchanga.
Hukosea akimwita mgeni aje ale.

Usiku ule tulibaki mimi, mbu, na jenereta ya mtu.
Nikamfumua mwanasesere mdomo, nikaongeza uzi:
sema sitaki.
Sema sijui.
Nyamaza nusu dakika, kama mtandao siku ya mvua.
Sema hifadhi imejaa, picha za harusi tupu.
Jaribio likaanguka. Jekundu.
Sijawahi kufurahia wekundu namna ile,
kama aliyefinya mguu uliokufa ganzi, ukauma.

Ndipo nikaandika kisanduku cha kujaza kwa mkono:
Mtaa gani? Karibu na nini?

Kabla ya kuondoka nilirudisha kila kitu mahali pake.
Juzi nilisahau saa,
na jaribio la jirani likaamka saa nne asubuhi,
likagoma kuzeeka.

Kisha nikafungua dirisha la kweli,
hili lenye wavu uliotoboka, linalokwama nusu.
Chini, saa saba usiku, mtu aliuliza njia ya Shekilango.
Mwingine akamjibu gizani:
"Sijui, kaka. Na mimi mgeni hapa."