Mpaka Darajani

Harlingen, saa kumi na mbili kasorobo.
Sjoukje kasimama mlangoni, soksi moja mguuni,
anausikiliza upepo ukitikisa bomba la mvua.
Redio imesema nguvu tisa, kutoka magharibi.

Kwenda Franeker utamsukuma mgongoni
kama mama anayemhimiza mtoto shule.
Kurudi ndiyo kesi.

Jirani Durk, juzi, alitua mferejini
na mikate yake yote. Bata wakashiba.

Basi lipo. Linanuka makoti mabichi.
Anaugusa usukani: baridi, kama pua ya mbwa
anayetaka kutoka.

"Haya," anaiambia baiskeli, "mpaka darajani tu.
Tukifika pale tutajadili."

Anavaa soksi ya pili.
Wote wawili wanajua
darajani hakuna pa kugeuzia.