Kusafisha

Nilimwambia Bi Mwanashee: viache vilivyo,
na masizi yake, na vumbi, usiguse kitu.
Akaitikia. Asubuhi nafika Mkomani
na kamera na miguu yake mitatu,
nakuta vyote vimepangwa uani juu ya jamvi,
vimesuguliwa kwa jivu na ndimu, vingali vyadondosha maji.
“Mtu hapigwi picha hajaoga,” akasema,
“seuze mbuzi.”

Mbuzi ya nazi, basi. Nikaanza nayo.
Ulimi wa chuma umebakiwa na meno saba, butu.
Kiti kimebonyea upande wa kushoto,
kwa kuwa mamake alikuwa na nyonga mbovu
akaketi hivyo miaka thelathini;
na binti, mzima wa viungo, akaja akaketi palepale,
akajifunza kuegemea
maradhi yasiyo yake.

Jivu halikulifuta hilo.

Nikangoja jua liteleze ukutani, lije kwa ubavu.
Jua la saa sita ni rongo,
shimo na tambarare kwake ni mamoja.
Kisha upawa, kifuu chake kimelika
hata mwanga wapenya kama kwenye ukucha.
Mtawanda mmoja, wa pili haujulikani.
Kikombe cha bati kilichobanduka mdomoni.

Usiku, chooni kwa shangazi,
dirisha nimeliziba kwa blanketi,
taa nyekundu ya pikipiki juu ya ndoo,
masinia matatu: dawa, siki, dawa.
Kwetu kazi hii huitwa kusafisha picha.
Neno ni lile lile la Bi Mwanashee,
ila mimi nasafisha ili doa lije.
Na likaja: kwanza weusi wa chuma,
kisha, polepole, lile bonde la kushoto,
kama mtu amenyanyuka sasa hivi
kwenda kuangalia chungu.

Alizitazama kwa muda mrefu.
“Na samawati ya kikombe changu?”
Haimo, nikasema.
“Shekuwe aliniletea cha kijani, nikamrudisha dukani,
jua kali, na saumu. Akarudi na samawati.
Leo wewe waniletea cha kijivu.”
Sikuwa na jibu. Shekuwe ana miaka tisa kaburini,
na mimi nilikuwa nikijisifia vivuli.

Ile ya mbuzi aliipenda. “Karatasi ngumu, hii.”
Akaiweka juu ya kuzi la maji, izuie nzi.

Baada ya Idi nilirudi.
Picha bado ipo juu ya kuzi:
duara la maji katikati, pembe moja imekunjika,
na ukingoni, kila aishikapo kuifunua,
alama ya kidole gumba chenye tui.

Nina pozi moja iliyosalia kwenye filamu.
Nikaitoa kamera mkobani, taratibu, bila neno.
Bi Mwanashee akaniona.
Akainuka kwenda kutafuta ndimu.